Msaada: hii "g" ya fizikia ni gramu au ni kitu gani?

MamaWawili
Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu hapa Dodoma. Binti yangu wa kidato cha tatu kasoma kwamba rubani wa ndege ya kivita hufika "9 g". Nikamwambia hizo ni gramu tisa, akanikatalia. Daftari lake linasema g ni 10, kitabu kinasema 9.8. Kilichonichanganya zaidi ni simu yangu. Ina programu ya kupima mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde. Nimeilaza mezani imetulia tuli, nayo inasoma 9.8! Inachapuka kwenda wapi? Sitaki mtoto aichukie fizikia kwa kukosa wa kumjibu nyumbani.

Mwalimu Mstaafu
Mama, binti yuko sahihi. Ukidondosha jiwe, tukiiweka hewa kando, kila sekunde linaongeza kasi ya mita 9.8 kwa sekunde: sekunde ya kwanza 9.8, ya pili 19.6, ya tatu 29.4. Ongezeko hilo ndilo g, na watu wamelifanya kipimo, kama unavyopima unga kwa kikombe. 9 g ni vikombe tisa, karibu 88. Rubani anausikia mwili wake mzito mara tisa.

Kumi ya daftarini ni ya kurahisisha hesabu tu. Thamani rasmi, 9.80665, ilikubaliwa mwaka 1901, ila g yenyewe hubadilika kidogo kwa mahali. Kwenye ncha za dunia ni kama 9.83. Hapa kwetu ni karibu 9.78, maana tuko jirani na ikweta, tena mwinuko wetu umepita mita 1,100.

Mpe hili: basi la Singida liko mwendo wa mita 20 kwa sekunde, dereva kashika breki, likasimama baada ya sekunde 4. Ni g ngapi?

FundiSimu_Majengo
Dada, simu haipimi mwendo, inapima inavyosukumwa. Meza inaizuia isianguke, ndiyo hiyo 9.8. Iachie juu ya godoro nene; ikiwa hewani itasoma karibu na sifuri.

MamaWawili
Tumeiachia! Mchoro umeshuka hadi chini, kisha ukaruka ilipogusa godoro. Lile swali la basi la Singida kapata 5, yaani nusu g na ushee. Sasa anauliza ya mwezini.

Mwalimu Mstaafu
1.62. Mwache agawanye kwa 9.8 mwenyewe.