Kubadili jiko la gesi kwa jiko la induksheni: naomba ushauri

Ndugu wanajumuiya,

Habari za siku nyingi. Jiko letu la gesi la plati nne limeanza kutusumbua: kichomeo kikubwa huwaka vizuri, lakini huzimika mara tu mtu anapoachia kitufe. Jamaa aliyekuja kulitazama ametushauri tusipoteze fedha kulitengeneza, bali tung'oe kila kitu na kuweka jiko la induksheni. Mume wangu amelipokea wazo hilo kwa mikono miwili. Mimi bado nasita, kwa sababu nusu ya sufuria zangu ni za aluminiamu, bili ya umeme tayari inatuelemea, na nimezoea kupima moto kwa macho. Nyumba ni yetu wenyewe, kwa hiyo ruhusa si tatizo. Naomba wenye uzoefu wanieleze mambo ya kuzingatia kabla hatujafunga mjadala huu nyumbani.

Jibu:

Dada yangu,

Salaam kwako na kwa shemeji. Kwa kuwa kazi yangu ni umeme wa majumbani, niruhusu nianze na hilo tatizo lenyewe kabla ya kufika kwenye induksheni. Kichomeo kinachowaka kitufe kikiwa kimebanwa, kisha kikazimika pindi kinapoachiwa, mara nyingi kina hitilafu kwenye thamokapo, yaani ile ncha ndogo ya chuma inayosimama kando ya moto na kuipa vali ishara kwamba moto upo. Ncha hiyo ikishika masizi, ikipinda ikawa mbali na moto, au ikichoka, vali hufunga gesi kama ilivyoundwa kufanya. Kuisafisha au kuibadilisha si kazi kubwa kwa fundi wa gesi mwenye leseni. Kwa hiyo msiamue kwa kusukumwa na jiko bovu. Huenda jiko lenu bado lina miaka ya kutumika.

Tukija kwenye induksheni, yafaa kwanza kujua kwamba si lile jiko la umeme tulilolizoea. Chini ya kioo kuna koili ya waya wa shaba. Umeme unaopita humo hubadili mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na nguvu ya sumaku inayotokana nao huzalisha mkondo wa umeme ndani ya kitako cha sufuria. Kinachopata joto ni sufuria yenyewe, na kioo hupashwa na sufuria hiyo iliyokaa juu yake. Ndiyo maana maji huchemka haraka, na ndiyo maana kioo bado kinaweza kumuunguza mtoto baada ya sufuria kuondolewa, ingawa hakifikii joto la chuma kilichokuwa juu ya moto. Muwe waangalifu mnaponunua, kwa sababu yapo majiko ya kioo cheusi yanayofanana na haya kwa sura lakini ndani yana waya unaowaka mwekundu. Hayo hukubali sufuria ya aina yoyote, lakini hayana wepesi huo.

Kuhusu sufuria, chukua sumaku ya kubandika kwenye friji uiguse kwenye kitako cha kila chombo ulicho nacho. Ikinata barabara, chombo kinafaa. Ikinata kwa kulegea, kitapata joto lakini kivivu, na jiko linaweza kukipoteza katikati ya mapishi. Isiponata kabisa, jiko litaonyesha alama ya kutotambua chombo na halitafanya lolote. Aluminiamu tupu, shaba, udongo na vyombo vya kioo havifai. Chuma cha kusubu na chuma chenye enameli vinafaa. Stenlesi haina jibu moja, maana ile yenye nikeli nyingi haishikwi na sumaku isipokuwa mtengenezaji ameweka tabaka la chuma cha aina nyingine kitakoni. Ukikuta sufuria ya aluminiamu yenye duara la chuma lililobandikwa chini, pima upana wa duara hilo, usipime upana wa sufuria, kwa sababu koili hulitambua duara peke yake. Sufuria pana yenye duara dogo itaunguza chakula katikati huku pembeni kukiwa bado kubichi. Kisha igeuze sufuria kifudifudi, ulaze rula juu ya kitako na utazame mwanga: ukipita mwingi katikati au kingoni, kitako kimepinda, na chombo hicho kitayumba juu ya kioo. Zile sahani za chuma zinazouzwa ili ziwekwe kati ya kioo na sufuria ya aluminiamu sizipendekezi hata kidogo, kwa sababu hurudisha uzito na ucheleweshaji wote ambao mtu amelipa fedha kuukimbia, tena huweza kupata joto kali kupita kiasi.

Sasa bili, ambako maneno mengi husemwa bila hesabu. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji nishati ya takribani uniti 0.093, yaani kilowati-saa 0.093, hata utumie jiko gani. Tofauti iko kwenye kinachopotea njiani. Induksheni hufikisha takribani asilimia 85 ya umeme ndani ya sufuria, hivyo mita itasoma kama uniti 0.11. Moto wa gesi hufikisha takribani asilimia 40 au chini ya hapo, kwa kuwa joto jingi hupanda pembeni mwa sufuria na kupasha jikoni, hivyo utatumia gesi yenye nishati ya uniti 0.23 au zaidi kwa maji yaleyale. Maana yake ni kwamba induksheni hutumia nusu ya nishati, lakini si lazima itumie nusu ya fedha. Chukua bili zako mbili, ugawanye bei ya uniti ya umeme kwa bei ya uniti ya gesi. Jibu likiwa chini ya 2, induksheni itakuwa nafuu; likiwa 3 au 4, kama ilivyo mahali ambapo umeme ni ghali na gesi huja kwa bomba, kupika kwa gesi kutabaki nafuu, na muuzaji anayekuambia vinginevyo anakuuzia jiko tu. Kama bili ya gesi imeandikwa kwa mita za ujazo, mita moja ya gesi asilia ina takribani uniti 10 hadi 11. Kama ni gesi ya mtungi, kilo moja ina takribani uniti 13.

Hata hivyo, kupika kwa kawaida huchukua sehemu ndogo ya nishati ya nyumba ikilinganishwa na kupasha nyumba na kupasha maji, kwa hiyo kwa vyovyote kiasi kinachobishaniwa hapa si kikubwa. Akiba ya kweli huonekana pale ambapo jiko ndilo chombo cha mwisho kinachotumia gesi ndani ya nyumba, kwa sababu ukilitoa unaweza kufunga mita na kuachana na ile ada ya kudumu inayolipwa hata usipowasha kitu. Ikiwa joto la nyumba na maji ya kuogea bado vinategemea gesi, ada hiyo itabaki palepale, na mtakuwa mmebadilisha jiko tu.

Jambo ambalo jamaa yenu hakuligusa, na ambalo mimi ningelianzia, ni waya. Jiko la gesi huhitaji umeme wa kutoa cheche tu, kwa hiyo ukutani nyuma yake mara nyingi hakuna kitu zaidi ya soketi ya kawaida. Jiko la induksheni la plati nne, zote zikiwaka kwa nguvu ya juu, huweza kuvuta kilowati 7.4, ambazo kwa umeme wa volti 230 ni ampea 32. Hilo halichomekwi kwenye soketi. Linahitaji saketi yake lenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, waya mnene unaolingana na umbali na njia unayopita, na kikata umeme chake. Mwombeni fundi umeme aliyesajiliwa, asiye muuzaji wa majiko, atazame uwezo wa fyuzi kuu, nafasi iliyobaki kwenye boksi, na mizigo mingine mizito kama hita ya maji au chaja ya gari, kisha awape makadirio kwa maandishi. Nimeona nyumba ambazo kazi ya waya, kwa sababu ya kuta za zege na umbali wa boksi, iligharimu zaidi ya jiko lenyewe. Yapo majiko yanayoweza kupangiwa kikomo cha chini cha umeme, na hilo huokoa nyumba yenye waya mwembamba, lakini kubalini kwamba plati mbili zikiwaka kwa nguvu zitanyang'anyana. Ongezeni gharama ya fundi wa gesi wa kuziba bomba, na mpime tundu la kaunta: majiko mengi ya upana wa sentimita 60 hukaa kwenye tundu la takribani sentimita 56 kwa 49, na chini yake feni huhitaji upenyo wa hewa, jambo linaloleta shida pale ambapo droo au oveni imebanana na kaunta.

Hofu yako ya kupima moto kwa macho ni ya haki, lakini huisha haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu induksheni hutii papo hapo kama gesi: maziwa yakianza kupanda, ukishusha namba hutulia. Kinachosumbua zaidi ni moto mdogo. Majiko ya bei ya chini hayawezi kutoa nguvu ndogo mfululizo; huwaka kwa nguvu sekunde chache, yakazima, yakawaka tena, na mchuzi mzito hushika chini wakati wa zamu ya kuwaka. Dukani, omba wakuwekee maji kidogo kwenye sufuria nyepesi kwa namba ya chini: ukiona vipovu vinakuja na kupotea kwa zamu, huku ukisikia mlio mdogo wa kuwasha na kuzima, jiko hilo ni la aina hiyo. Jambo jingine ni vitufe vya kugusa juu ya kioo, ambavyo huchanganyikiwa vikimwagikiwa maji na ni mateso kwa mtu asiyeona vizuri. Yapo majiko yenye vitufe vya kuzungusha, ingawa ni machache, na binafsi ningelipia zaidi kuyapata.

Sababu ninayoipa uzito kuliko bili ni hewa. Moto wa gesi hutoa nitrojeni dioksaidi ndani ya nyumba, gesi inayochokoza njia ya hewa hasa kwa wenye pumu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwongozo wa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa mita ya ujazo ya hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2022 kwamba zaidi ya robo tatu ya methani (sehemu kubwa ya gesi asilia) inayotoka kwenye majiko ya gesi waliyoyapima ilivuja yakiwa yamezimwa, na mwaka 2023 wakaonyesha kwamba moto wa gesi huongeza benzini ndani ya nyumba, kemikali inayosababisha saratani. Induksheni haina moto, hivyo huondoa hayo. Haiondoi moshi wa mafuta yanayokaangwa, kwa hiyo feni ya kuvuta moshi iendelee kutumika.

Kwa hali yenu, mimi ningetengeneza thamokapo, kisha ningenunua jiko dogo la induksheni la plati moja na kulipikia chakula cha kila siku kwa majuma kadhaa kabla ya kumwita yeyote kuvunja kaunta. Kama kuna mwenye pumu nyumbani, au kama mnapanga kuachana na gesi kabisa, basi badilisheni bila kusubiri jiko life. Kama lengo ni kupunguza bili peke yake, hesabu ya 2 ndiyo itawaambia.

Jibu:

Mzee wangu, shikamoo.

Si mimi niliyeuliza mwanzoni, lakini nashukuru kwa maelezo haya. Sisi ni wapangaji, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za kugusa waya. Je, hilo jiko dogo linaweza kuwa jiko letu la kudumu? Pia tunaishi na mama mkwe, ambaye ana kifaa kilichopandikizwa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na nimesikia kwamba induksheni ni hatari kwake. Tena umeme huku hukatika nyakati za dhoruba.

Jibu:

Marahaba, mwanangu.

Linaweza, kwa kaya ndogo. Majiko hayo huvuta takribani kilowati 2, kwa hiyo lichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa nyongeza, na usiwashe birika la umeme kwenye saketi hiyohiyo wakati huohuo, la sivyo kikata umeme kitaanguka. Usiliweke juu ya plati za jiko la gesi ili kuokoa nafasi: mtu akigeuza kitufe cha gesi kwa bahati mbaya, litaungua, na hata asipogeuza, feni ya chini hukosa hewa. Koili zake ni ndogo, hivyo sufuria pana iwe na kitako kinene ili joto lisambae. Kuhusu dhoruba, jiko la gesi lenye plati za kawaida huwaka kwa kiberiti hata umeme ukikatika, na kwa kuwa ni mali ya mwenye nyumba na litabaki hapo, hamna cha kupoteza.

Kuhusu mama, taasisi ya moyo ya Uingereza, British Heart Foundation, hushauri mwenye kifaa hicho akae angalau sentimita 60 kutoka kwenye jiko la induksheni linalowaka. Kupita jikoni au kukaa mezani hakuna shida. Tatizo ni kuinamia sufuria, na mtu anayekoroga huwa karibu zaidi ya hapo. Kama yeye ndiye mpishi mkuu wa nyumba, piga simu kliniki inayofuatilia kifaa chake, uwatajie aina yake kama ilivyoandikwa kwenye kadi anayotembea nayo, na jiko usilinunue mpaka wakujibu.