Mende, panya na sisimizi hawaishi, na nyumba ina watoto wanaotambaa. Naombeni ushauri

MamaPacha

Habari zenu wanajamvi. Maji yamenifika shingoni, naombeni msaada.

Tunaishi nyumba ya kupanga, jiko liko ndani. Mvua zikianza, sisimizi wanapanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye kopo la sukari. Baridi ikiingia, panya wanahamia darini na usiku kucha ni mbio. Mende ndio hawana msimu. Mwaka huu nimeita wapiga dawa mara nne. Siku tatu za kwanza nazoa mizoga kwa kizoleo, moyo unatulia, halafu baada ya wiki tano au sita wanarudi, safari hii wadogo wadogo na wengi. Mwezi uliopita niliweka sumu ya panya darini. Panya akafia huko huko tusikofika, tukahama chumba wiki mbili kwa harufu.

Pacha wangu wana miezi tisa. Wanatambaa, na chochote wanachookota kinaishia mdomoni. Juzi nimemkuta mmoja ameshika kitu cha kahawia kama punje ndogo ya harage. Kukiangalia vizuri, ni kifuko cha mayai ya mende. Tangu siku hiyo sina amani. Sitaki tena dawa ya kumwaga sakafuni. Kuna namna ya kuwazuia hawa viumbe mwaka mzima?

Kibatari

Pole sana dada. Kwa panya, fuga paka. Kwetu wamekwisha.

FundiDawa

Pole mama. Nimefanya kazi ya kupiga dawa miaka 11, nitakueleza kile ambacho wateja wengi hawaambiwi.

Hizo wiki tano au sita zina sababu. Dawa ya kupuliza inamuua mende anayetembea, lakini haipenyi vizuri kwenye kifuko cha mayai. Wale mende wadogo wa jikoni, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, kifuko kimoja kinabeba mayai 30 hadi 40, na jike hutembea nacho mkiani mpaka kinapokaribia kuanguliwa. Kwa hiyo unaua wazazi leo, watoto wanatoka baadaye wakati dawa imeshapungua nguvu. Ukiita mtu apulize tena, unarudi pale pale.

Kwanza jua una mende gani. Wale wakubwa wekundu mara nyingi wanatoka kwenye mabomba ya maji machafu na makaro, hao unawazibia njia. Hao wadogo wanaishi humo humo ndani, na mara nyingi wameletwa na boksi, begi au friji iliyotumika. Nunua mitego ya gundi, ile bapa ya karatasi. Weka mmoja nyuma ya friji, mmoja chini ya sinki, mmoja kwenye kona ya kabati la vyombo, yote mahali ambapo watoto hawafiki. Asubuhi ya tatu itazame. Uliojaa kuliko mingine ndio uko jirani na kiota.

Hapo ndipo unatumia dawa ya jeli, ile ya kwenye sindano. Usipake kama siagi. Weka vitone vidogo kama punje ya mchele, ndani ya nyufa: kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji karibu na mota, pale bomba linapoingia ukutani. Mende anakula, anarudi kufia kiotani, na wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake, nao wanakufa. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuweka jeli halafu kupuliza dawa palepale. Mende akinusa dawa hagusi jeli, pesa yako imekwenda bure. Rudia baada ya wiki mbili au tatu ili uwakute walioanguliwa.

Na maji, mama. Huyu mende mdogo anaweza kupita mwezi bila chakula maadamu anakunywa. Mnyime vyote viwili, wiki mbili ni nyingi kwake. Usiku kabla ya kulala kausha sinki, kamua kitambaa cha vyombo ukitundike, mwaga maji ya sahani ya chini ya friji. Bomba linalovuja lizibwe kabla hujanunua dawa yoyote.

MzeeMisumari

Niongezee kwa panya, maana mimi ni seremala na haya matundu nayaona kila siku.

Chukua penseli. Tundu lolote ambalo penseli inapita, panya mdogo wa nyumbani anapita, maana milimita 6 zinamtosha. Usiku zima taa zote, mwenzako asimame nje amulike tochi chini ya mlango na pembeni mwa madirisha. Popote mwanga unapopenya pana njia. Chini ya mlango pigilia ubao mwembamba wenye mpira unaogusa sakafu. Kwenye matundu ya mabomba shindilia waya wa kusugulia masufuria, kisha funika kwa simenti. Povu la kuziba peke yake wanalitafuna, meno yao hayaachi kukua kwa hiyo lazima watafune kitu.

Lakini usizibe tundu la mwisho kabla hujawanasa waliomo, la sivyo watafia darini kama yule. Sumu darini achana nayo kabisa. Tumia mtego wa kubana, uweke kwenye njia yao kando ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Chambo kiwe kidogo, siagi ya karanga kiasi cha ncha ya kidole. Wale panya wakubwa wanaogopa kitu kipya, kwa hiyo acha mtego una chambo bila kuutega siku tatu nne, wakizoea ndipo uutege.

Kibatari, paka anasaidia lakini darini hafiki, na akila panya aliyekula sumu naye anaumia.

MamaPacha

Asanteni sana, sikujua hata kimoja kuhusu jeli. Jirani ameniletea chaki ya mende, anasema nichore mstari mlangoni tu. Na vile vidonge vyeupe vya kabatini vyenye harufu kali, vinafaa?

NesiWaZamu

Dada, hiyo chaki usiiingize ndani. Ni sumu yenye sura ya chaki ya shule, na mtoto wa miezi tisa hatofautishi. Mara nyingi haina hata lebo ya kukwambia ndani kuna nini. Hali kadhalika dawa za shambani zinazohamishiwa kwenye chupa za soda, tunapokea watoto waliozinywa. Vile vidonge vyeupe, kama ni vya naftalini, ni hatari kwa watoto wachanga, na kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Mtoto akimeza chochote, usimtapishe. Kimbia hospitali na pakiti ya dawa mkononi, hiyo pakiti ndiyo inayotuokolea muda.

Mavi ya panya pia usiyafagie makavu, vumbi lake linabeba magonjwa. Vaa glovu, fungua madirisha, nyunyizia maji yenye jiki, subiri dakika tano, kisha futa.

Tausi

Sisimizi: usiwapulizie ule mstari. Kuna aina ambazo ukiwapulizia kundi linagawanyika, unapata viota viwili badala ya kimoja. Fuata mstari mpaka uone tundu wanaloingilia, ziba, kisha futa njia yao yote kwa maji ya sabuni maana wanafuata harufu. Sukari kwenye kopo lenye mfuniko wa kusokota. Mimi hufanya hivi wiki mbili kabla ya mvua, wakati huo huo natazama kuta kama kuna vijia vya udongo vya mchwa. Na kila wiki namwaga maji ya sahani za maua na ndoo zilizosahaulika, maana mbu anatoka yai hadi kuruka ndani ya siku saba hadi kumi.

MamaPacha

Narudi baada ya wiki tatu. Mtego wa nyuma ya friji ulinasa mende 19 siku ya kwanza. Tulivuta friji, nikamulika tochi, nikakuta kwenye kifuniko cha mota wamejazana kama mbegu, na sahani ya chini imejaa maji niliyokuwa sijui kama yapo. Miaka miwili nimesafisha jiko kila siku na sijawahi kuivuta ile friji. Nimeweka jeli mara mbili. Mtego wa wiki hii una wawili.

Darini tumenasa panya watatu, siku sita sasa kimya. Mwenye nyumba amekubali kuweka mpira chini ya mlango. Tundu la mwisho bado sijaziba, nisubiri hadi lini?

MzeeMisumari

Nyunyiza unga kidogo mbele ya tundu usiku. Asubuhi tatu mfululizo bila nyayo, ziba.