Nirudi na nini kwa watu niliowahoji?

Bint_Msambweni

Hamjambo wadau. Nasoma sosholojia, mwaka wa mwisho, na kuna jambo limeninyima usingizi tangu Jumapili.

Miaka miwili nyuma nilipata kibarua cha mwezi mmoja, kujaza hojaji za mradi fulani kuhusu uraia, nikipita nyumba kwa nyumba kwa Wamakonde wa huku kwetu Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakazikana hapa hapa, na bado hawakuhesabiwa raia. Mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona rais, na Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba.

Safari hii nimerudi kwa tasnifu yangu mwenyewe. Nyumba ya tatu nikapokewa na bibi mmoja, nembo zake za Kimakonde zimefifia mashavuni. Akanitandikia mkeka, akaniletea mihogo ya kuchemsha, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Mlikuwa na kitambulisho chake, kimefungwa kwa kipande cha leso, na karatasi ya ridhaa niliyompa mimi, ina alama ya kidole gumba chake kwa wino wa buluu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, ulisema utaleta majibu. Nimeiweka karatasi nikikungoja."

Nilikosa la kusema. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza na mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Darasani tunafundishwa kuchukua sampuli, kuhoji, kuchambua. Kurudi hatufundishwi. Nawauliza mliotangulia: mtu anarudi vipi, na mkononi kashika nini? Warsha ya hotelini na bahasha ya nauli nimeshaziona, sitaki hizo.

Mwalimu_wa_Hesabu

Binti, huyo bibi amekuuliza swali lililomgeuza maisha W.E.B. Du Bois, mwanasosholojia Mweusi wa Marekani. Mwaka 1896 alihamia Seventh Ward, mtaa wa Wamarekani Weusi pale Philadelphia, akabisha mlango kwa mlango kama ulivyofanya wewe. Kitabu chake kuhusu mtaa huo kikatoka 1899. Wakati huo aliamini watu wanabagua kwa kutojua, na ukiwawekea ukweli mezani watabadilika.

Aprili ya mwaka huo huo, kule Georgia, kundi la watu lilimchoma moto kibarua mmoja mweusi, Sam Hose. Du Bois aliandika barua ya kutuliza, akatoka nayo kwenda kwenye ofisi ya gazeti mjini Atlanta. Njiani akaambiwa vifundo vya vidole vya Hose vimewekwa dukani, kwenye barabara ile ile aliyokuwa akipita. Akageuka, akarudi nyumbani. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba tangu hapo hakuweza tena kuwa mtaalamu aliyetulia pembeni huku watu wakiuawa.

Tazama alichofanya mwaka uliofuata. Kwenye Maonyesho ya Paris ya 1900, yeye na wanafunzi wake walipeleka chati walizochora kwa mkono na kupaka rangi. Moja nimeitundika darasani kwangu: thamani ya samani na vyombo vya jikoni vya weusi wa Georgia, 1875 hadi 1899, kila mkanda umejikunja kama gamba la konokono na kila baada ya miaka kadhaa unarefuka. Vyombo vya jikoni! Watu waliotoka utumwani 1865. Mtoto wa darasa la nne anaielewa bila mimi kufungua mdomo. Nunua karatasi za manila na kalamu za rangi, uchore, uende nazo kwa bibi.

Mchonga_Mpingo

Mimi ni Mmakonde wa hapa hapa Kwale, na nimehojiwa mara nne. Michoro sawa, Mwalimu, lakini tuione sisi kwanza.

Kabla ya kitambulisho, laini yangu ya simu ilisajiliwa kwa jina la rafiki. Mteja akinunua kinyago, pesa inaingia M-Pesa ya rafiki, naye anakata chake. Hilo nilimweleza mhojaji kwa sababu aliniangalia kwa heshima. Sasa lichore kwenye karatasi kubwa, ulitundike baraza la chifu: mimi na rafiki yangu tutalala wapi siku hiyo? Mengine tuliyasema ili mtu atuelewe, si ili yatangazwe. Na wapo waliokosa vitambulisho ule mwaka, wao wana hofu zaidi yangu.

Kitwe68

Mchonga kasema kweli, na ushahidi upo Zambia. Mwanasosholojia Michael Burawoy alifanya kazi katika ofisi ya utumishi ya migodi ya shaba, Kitwe, baada ya uhuru, huku akitafiti kimya kimya. Aligundua kwamba Mzambia akipandishwa cheo, mzungu anaundiwa nafasi mpya juu yake, kwa hiyo mpaka wa rangi unapanda ngazi pamoja nao. Aliyachapisha 1972. Makampuni yakaichukua ripoti na kuitumia kuwabana mameneja wa migodi, wala si kwa namna aliyoitarajia. Hata hivyo hakukata tamaa: mwaka 2004, akiwa rais wa chama cha wanasosholojia wa Marekani, aliwahimiza wenzake watoke wakazungumze na wananchi. Kabla hujachapa, Bint, jiulize nani ataiokota.

Bint_Msambweni

Asanteni. Nimerudi Jumamosi. Kwanza nilimweleza bibi ukweli kwamba majibu ya mradi ule sina, nikamwomba radhi. Kisha nikamsomea ya kwangu kwa Kiswahili, yeye na majirani watano, bila jina la mtu, kabla msimamizi wangu hajayaona.

Waliniacha mpaka nilipofika kwenye safu ya "wasio na ajira." Bibi akanikatiza. "Huyu anachonga. Huyu anasuka mikeka. Mimi nalima mihogo uliyokula. Nani alikwambia hatuna kazi?"

Nimefuta safu nzima. Tumekaa mpaka magharibi tukiiandika upya.