Ulinganisho: jiliwa la mm 100 linalozunguka, la mm 150 jepesi, au la mm 125 lililotumika?

Msumeno24
Wakuu, nachagua jiliwa moja (kifaa cha kubana kipande kwa mataya mawili) la meza ya kazi nyumbani. Kazi zenyewe ni kukata na kupiga tupa flatiba (chuma bapa) na anglaini (chuma cha pembe, umbo la L), kukunja vyuma vyembamba, na mara mojamoja kushika mbao. Yamebaki matatu:
A: mataya mm 100, kitako kinazunguka, kilo 7, jipya.
B: mataya mm 150, kitako hakizunguki, kilo 11, jipya.
C: mataya mm 125, kitako hakizunguki, kilo 17, limetumika na meno yamelika.
Lipi, na kwa nini?

FundiNati
C. Upana wa mataya huandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, lakini mizani ndiyo husema kweli. Mm 150 kwa kilo 11 maana yake kuta ni nyembamba, na ukibana kwa nguvu taya linalotembea linainuka na kupinda.

Meno kulika si ugonjwa. Ni mabapa mawili tu, kila moja limeshikwa na skrubu mbili. Ukikosa ya kununua, kata flatiba ya feleji ya unene uleule, toboa, kisha panua midomo ya matundu ili vichwa vya skrubu vizame kabisa.

Kabla ya kulipa, fungua mataya hadi karibu na mwisho utikise taya linalotembea juu na chini. Kucheza kidogo ni kawaida, likianguka kwa kishindo njia yake imelika. Zungusha mkono wa skrubu kuu mbele na nyuma: ukipita robo mzunguko bure bila taya kusogea, nati ya ndani au kizuizi cha skrubu kuu kimechoka. Halafu bana karatasi mbili, moja kila upande. Zote zinapaswa kugoma kutoka. Mwisho lipindue, tafuta ufa au alama ya kulehemu. Ukiona imelehemiwa kwenye shina la taya, liache hapohapo.

Kalibu
Naongezea jambo ambalo wengi hawaulizi: ni chuma gani? Chuma cha kusubu cha kijivu kina grafaiti ya vipande bapa, na kila kipande ni kama ufa mdogo unaosubiri. Ndiyo maana hakipindi, kinakatika ghafla. Chuma cha kusubu kinachonyumbulika kina grafaiti ya vidonge vya mviringo, hivyo ufa haupati njia rahisi. Kwenye maelezo ya bidhaa utakuta psi (kipimo cha nguvu ya chuma kuhimili mvuto) 30,000 kwa kile cha kijivu na psi 60,000 kwa kinachonyumbulika. Feleji ya kufuliwa ni imara kuliko vyote viwili.

Kama hakuna maandishi, chomoa taya linalotembea, lining'inize kwa kamba, ligonge kwa nyundo ndogo. La kijivu hutoa sauti butu, linalonyumbulika hulia kama kengele. Likiwa limefungwa mezani jaribio hili halina maana.

Pembe45
Mnaionea A. Kitako kinachozunguka kina faida kipande kikiwa kirefu na ukuta uko karibu: unageuza jiliwa badala ya kuhamisha meza. Sharti kiwe na bolti mbili za kukaza, si moja.

FundiNati
Mkuu Pembe45, kwa kukata na kupiga tupa nakubali. Kwa kukunja na kugonga, hapana. Kile ni kiungo kingine cha kulegea, na nguvu ya nyundo hupotelea hapo. Kilo 7 pia ni chache mno kwa anglaini.

MezaNzito
Hata C litayumba ukilifunga vibaya. Liweke juu ya mguu wa meza, si katikati ya ubao. Uso wa taya lisilotembea utokeze kidogo nje ya ukingo, la sivyo hutaweza kubana kipande kirefu kikining'inia hadi sakafuni. Kosa hili ni la kila siku, na hugunduliwa matundu yakishatobolewa.

Tumia bolti za mm 12 zinazopenya ubao wote, na chini yake bapa la chuma au washa pana. Skrubu za mbao zitang'oka. Kimo: simama wima, kunja mkono, kiwiko kilingane na juu ya mataya.

Msumeno24
Asanteni. Na mbao je? Na bomba?

Randa
Jiliwa maalumu la mbao hukaa sawa na uso wa meza ili randa ipite juu. Hili halitafanya hivyo, ila kwa kushika tu linatosha ukivisha meno vipande vya mbao au alumini iliyokunjwa. Bomba usilibane kwa mataya bapa, litabonyea. Tafuta jiliwa lenye meno ya bomba chini ya mataya, au chonga mbao mbili zenye mfereji wa V.

FundiNati
Matumizi sasa. Usivishe bomba kwenye mkono wa jiliwa ili kuongeza nguvu, maana mkono umepimwa urefu wake kwa makusudi. Usiligonge taya linalotembea: elekeza pigo kwenye lisilotembea. Ukibana kipande upande mmoja tu, weka kingine cha unene huohuo upande wa pili, vinginevyo taya linakwenda mshazari na hesi (mikato ya skrubu kuu) zinalika upande mmoja. Unapokata kwa msumeno, mstari uwe karibu na mataya, kama mm 10, chuma kisitetemeke na kuvunja meno ya msumeno.

Grisi ni ya skrubu kuu na njia ya taya. Ikifika kwenye meno, kipande kitateleza.

Kalibu
Na ukilehemu kitu kilichobanwa, klampu ya ethi (ya waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) ifunge kwenye kipande chenyewe, si kwenye jiliwa, umeme usipite kwenye hesi. Funika skrubu kuu kwa kitambaa kisichoshika moto, cheche zikigandia pale mkono hautazunguka tena.