Majirani: maandalizi ya janga la mafua

Dada Neema: Jamani, tugawane sasa nani anamwangalia nani. Nyumba nzima ikishaugua, hakuna wa kuchota maji wala kupiga simu. Kaya tatu tatu, simu asubuhi na jioni. Asiyepokea mara mbili, agongewe mlango.

Mzee Hamisi: Wanaoishi peke yao na wajawazito nimeshawaorodhesha. Mgonjwa akae ndani siku ngapi?

Dada Neema: Shikamoo mzee. Virusi huanza kuambukiza kama siku moja kabla ya dalili, huendelea siku 5 hadi 7 baadaye. Watoto huzidi hapo. Asitoke mpaka zipite saa 24 bila homa, na bila kumeza paracetamol. Wengi hukosea hapo: dawa imeshusha joto, mtu anadhani amepona.

Mama Zawadi: Wenye chumba kimoja je?

Dada Neema: Kitanda cha mgonjwa kando ya dirisha, dirisha wazi. Wengine mbali kadiri inavyowezekana. Mhudumu awe mmoja, asiwe mjamzito, na wote wawili wavae barakoa.

Kaka Juma: Klorini nitachanganya mimi. Ya 5%: mililita 200, ongeza maji mpaka lita 10, unapata 0.1% ya vitasa na meza. Ya 3.5% inataka kama mililita 285, kwa hiyo someni kibandiko kwanza. Sugueni kwa sabuni kabla, maana uchafu huila klorini. Iacheni dakika kadhaa ndipo mfute. Ya jana mwageni, nguvu imeshuka. Msichanganye kamwe na siki au dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu.

Mama Zawadi: Na antibiotiki tuweke akiba?

Dada Neema: Hapana mama, haziui virusi. Dawa ya virusi hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48, kwa hiyo mjamzito, mzee au mwenye pumu aonwe mapema. Watoto wasipewe aspirini. Na dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake. Ukiongeza vidonge juu yake, ini linaumia.

Mzee Hamisi: Dalili za kumkimbiza hospitali nizibandike wapi?

Dada Neema: Nyuma ya kila mlango: kuhema kwa shida, midomo kuwa ya bluu, kuchanganyikiwa, degedege, mtoto kukataa kunywa. Na hii msiidharau: homa iliyopoa kisha ikarudi na kikohozi kikali. Mara nyingi hiyo ni nimonia.

Kaka Juma: Kikombe cha kupimia nitakifunga kwa kamba kwenye ndoo, kisipotee.