Kampuni ya vipimo inataka niwashauri: nitoze vipi?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo.

Niko Boston, kazi yangu ni maabara. Kampuni changa ya watu saba imenifuata. Wana kipimo cha haraka, kile cha kuchoma kidole, wanataka kukiuza Afrika Mashariki na wamesikia mimi ni mtu wa Moshi. Wanataka tuongee saa moja kila wiki. Nitoze kwa saa? Viza yangu ni H-1B, ile ya kazi ya Marekani.

Wa Kiboriloni

---

Mangi, acha bei kwanza. H-1B imefungwa kwa mwajiri aliyekuombea. Ukipokea hela ya ushauri kwingine umevunja masharti, hata kama ni saa moja ya Jumamosi. Hao wakikutaka kweli wanaweza kukuombea ya kwao ya saa chache kwa wiki, ikaenda sambamba na uliyonayo. Muone mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize binamu yako.

Wa Machame, Houston

---

Mdogo wangu, kaka wa Houston amesema kweli. Viza ikishakaa sawa, usiuze saa, uza kazi yenye mwisho. Mimi niliuza saa.

Nilikuwa Denmark miaka kadhaa kwenye kutengeneza bidhaa za maabara, nikarudi Moshi, sasa nawashauri watu wa huko nikiwa hapa. Kampuni moja (siitaji) ilinipa kipimo kama hicho chako. Karatasi ya maelekezo: hifadhi kati ya nyuzi 2 na 30, soma jibu baada ya dakika 15. Nikabeba katoni hadi zahanati moja kule Mabogini, mwezi wa pili. Stoo ni ya bati, haina dari. Nikatundika kipimajoto: saa nane mchana, nyuzi 34.

Muuguzi alikuwa peke yake na foleni imefika nje. Akapanga kaseti sita (vile vibao vya plastiki vya kipimo) mezani, akatia damu, akaenda kupima uzito wa watoto, akarudi dakika 40 baadaye akazisoma zote kwa mpigo. Mbili zilikuwa na kamstari hafifu, ka kusema mtu ana ugonjwa, ambako dakika ya 15 hakakuwepo. Na kaseti ilikuwa ndogo, haina pa kuandika jina. Akaandika kwa kalamu ya wino pembeni kabisa ya dirisha la jibu, kidole kikapita, jina likafutika. Ungekuwa mgonjwa ungejua jibu ni la nani?

Nikayaandika yote kwenye ripoti. Wakanilipa saa zangu bila shida. Kaseti haikubadilika, maana kalibu ya kumiminia plastiki walishailipia kabla hata hawajanipigia simu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwao ni: muundo mmeshaufunga? Ukishafungwa na majaribio ya kuuthibitisha yameanza, kila badiliko linarudisha watu nyuma. Kwa anayefuata ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha ubora wa vifaa tiba, ni lazima liandikwe, lipitiwe na lithibitishwe upya, na hapo utaona wanavyogeuka viziwi. Ushauri wako una thamani kabla ya hapo.

Mkataba utaje kitu utakachowakabidhi, mathalani ripoti ya matumizi kutoka zahanati tatu. Chukua sehemu mkononi kabla ya kuanza, iliyobaki ukikabidhi. Usikubali kulipwa "kipimo kikisajiliwa". Usajili uko mikononi mwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ambayo wengi bado tunaiita TFDA, na nembo ya CE ya Ulaya haimalizi kazi hapa. Wakitaka kukijaribu kwa damu za wagonjwa, kuna kibali cha maadili cha utafiti, na hicho kina foleni yake. Hati ya kutunza siri zao watakayotaka usaini isome mpaka mwisho: nyingine zinakukataza kufanya kazi na kampuni yoyote ya vipimo.

Na usiwaambie unajua watu hospitali ya KCMC. Watakulipa kwa hilo badala ya kazi yako, halafu siku mtu huyo asipopokea simu, kosa ni lako.

Wa Soweto, Moshi

---

Asante sana dada. Nimewauliza leo. Kalibu wanailipia Ijumaa. Nikawaambia wasubiri, nao wakaniuliza waniandikie malipo ya saa ngapi.

Wa Kiboriloni

---

Usilijibu hilo kabla ya mwanasheria.

Wa Machame