Naomba ushauri: babu yetu Mgiriki wa Pangani alitoka kisiwa kipi, na niende wapi kumtafuta?

Mjukuu wa Pangani

Wakuu, heshima kwenu nyote. Ninaomba ushauri katika jambo ambalo limeninyima usingizi. Baba yake mama yangu alikuwa Mgiriki, msimamizi wa shamba la mkonge wilayani Pangani, na alifariki kabla ya Azimio la Arusha, mama akiwa bado msichana mdogo. Hakuacha mali, wala hatukumjua ndugu yake yeyote. Bibi, Mungu amrehemu, alitusimulia mara nyingi kwamba mumewe alikuwa mtu wa kisiwa cha wazamiaji wa sifongo, na kwamba alichechemea mguu mmoja kwa sababu ya bahari. Fedha nilizonazo ni za safari moja tu. Je, niende Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki kinachojulikana kwa wazamiaji hao, au kuna mahali pengine panapohifadhiwa kumbukumbu za Wagiriki waliokuja Afrika Mashariki? Ninaomba nijibiwe na wanaovijua visiwa hivyo, si wanaokisia.

Mzee wa Korona

Mwanangu, umenirudisha mbali. Mimi nimekulia kambini katika shamba la mkonge huko Kilosa, baba yangu akiwa manamba aliyetoka Songea, na bwana shamba wetu alikuwa Mgiriki wa Lemnos, kisiwa kilicho kaskazini karibu na mlango wa Dardaneli. Wagiriki wengi wa Tanganyika walitoka huko na visiwa jirani. Wa mwanzo walikuja enzi za Mjerumani wakiwa makandarasi wadogo wa reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, kwa maana kampuni ya Philipp Holzmann iliyoijenga ilikuwa imejenga pia reli za Anatolia, yaani Uturuki ya leo, na ufundi wa Wagiriki ilikuwa imekwisha kuujua. Reli ilipokwisha walibaki, wakalima mkonge huku kwetu na tumbaku Iringa.

Kuhusu mguu, usiharakishe kuisingizia bahari. Mashambani kulikuwa na reli nyembamba za troli za kubebea majani hadi korona, ile mashine ya kutenganisha nyuzi za mkonge, na troli ikiacha njia haimchagui msimamizi wala manamba. Nimewajua wengi waliochechemea hadi kufa bila kuiona bahari hata mara moja. Anza na Lemnos.

Bi Salama wa Ngamiani

Binti yangu, sijaona mahali uliposema mama yako ana maoni gani. Mzazi aliyelelewa bila baba ana kovu lake, na si kila kovu linapenda kupapaswa. Fedha ya safari ya Ulaya ni fedha ya kumjengea mama chumba, kisima na ukuta. Mimi nisingekwenda.

Baharia Mstaafu

Nimefanya kazi katika meli za Wagiriki kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nitasema ninalolijua. Kalymnos ni mlima wa mawe, ardhi ya kulima ni kidogo mno, na ndiyo sababu watu wake waliishi kwa kuvuna sakafu ya bahari ya watu wengine. Kila mwaka baada ya Pasaka mashua ziliondoka kwenda pwani ya Libya, Derna na Benghazi, na nyingine pwani ya Misri, na zilirudi majira ya vuli. Zamani mzamiaji alishuka uchi, akiwa ameshika jiwe bapa la kumvuta chini. Katika miaka ya 1860 ikaja suti ya kuzamia yenye kofia ya chuma na bomba la hewa, na hapo mtu aliweza kukaa chini muda mrefu, kisha akapandishwa haraka haraka, nitrojeni ikamchemka damuni. Wengi walikufa, na wengine walirudi nyumbani miguu imepooza. Hadi leo Kalymnos kuna ngoma ambayo kiongozi wake huigiza mzamiaji asiyeweza tena kuitawala miguu yake. Sifongo zilipopungua na maisha kuwa magumu, walihamia Tarpon Springs kule Florida, ambako uzamiaji wa suti ulianza mwaka 1905, na katika miaka ya 1950 wengine walikwenda Darwin, Australia, kuzamia lulu.

Kwa hiyo maelezo ya marehemu bibi yako yana mashiko. Ukifika huko, kula pweza wao wa kuchoma.

Mtoto wa Barabara ya Ishirini

Dada, wakikukabidhi urithi wa jiwe la kuzamia, ulipie mzigo wa ziada uwanja wa ndege, usije ukaliacha Athens.

Mwalimu wa Zamu

Nimesoma uzi wote, na kuna pengo. Msimamizi wa shamba aliyeingia Tanganyika chini ya Mwingereza hakuweza kuingia bila karatasi. Dada Mjukuu, je, babu hakuacha pasi, cheti cha ubatizo au barua yoyote? Umetupa simulizi la bibi, lakini hujasema kama hakuna karatasi. Kunyamaza kuhusu jambo moja si sawa na kulikana.

Mjukuu wa Pangani

Mwalimu, nilidhani si muhimu. Karatasi ipo, mama ameitunza sandukuni. Ni hati ya kusafiria ya Kiitalia iliyotolewa Rhodes katika miaka ya 1930, na mahali pa kuzaliwa pameandikwa Port Said, 1901. Sikuitaja kwa sababu ingewachanganya watu, kama ilivyonichanganya mimi. Mtu anaweza kuzaliwa popote wazazi wake wanapopita. Bibi aliishi naye, karani wa Kiitalia hakuishi naye. Naomba turudi kwenye swali langu la Kalymnos.

Shoka Butu

Wakuu, tumepigwa. Mgiriki mwenye hati ya Kiitalia, aliyezaliwa Misri, mzamiaji wa sifongo, akaishia kukagua mkonge Pangani! Huyu si babu, huyu ni mhusika. Ninavyoona, aliyeanzisha uzi ni mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuandika kuhusu biashara na uhamaji wa visiwa vya Ugiriki, naye amejitungia ukoo ili sisi wazee tumfanyie kazi hiyo bila malipo. Kama ni uongo wangu, weka picha ya hati hapa.

Mtoto wa Barabara ya Ishirini

Kama ni kazi ya darasani, Baharia amekwisha kupata alama ya juu.

Mjukuu wa Pangani

Picha ya hati ya marehemu, yenye jina la familia, siiweki mbele ya watu wasionijua. Asiyeniamini apite kimya kimya.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu Shoka, unaloliona kuwa ajabu ndilo linalonifanya nimwamini, kwa sababu mtu anayetunga angempa babu hati ya Kigiriki. Visiwa vile vya kusini-mashariki, Rhodes, Kos, Kalymnos, Symi, Kasos na wenzake, vilikuwa chini ya Dola ya Osmani hadi mwaka 1912, Italia ilipoviteka katika vita yake na Waturuki iliyoanza kwa kugombea Libya. Baada ya Mkataba wa Lausanne wa 1923 Italia ilitambuliwa kuwa mmiliki, na wenyeji wakapewa uraia wa Kiitalia usio na haki zote. Ugiriki haikuvipata hadi Mkataba wa Paris wa 1947. Kwa hiyo Mgiriki wa visiwa hivyo aliyesafiri katika miaka ya 1930 alisafiri kwa karatasi ya Kiitalia, apende asipende. Waislamu wa Rhodes na Kos nao, kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa chini ya Italia, hawakuguswa na ule mbadilishano wa watu wa 1923 uliowahamisha Wakristo wa Anatolia kwenda Ugiriki na Waislamu wa Krete kwenda Uturuki.

Hapa namjibu pia Mzee wa Korona kwa heshima: Lemnos iliingia Ugiriki mapema, baada ya vita vya Balkani. Rhodes isingetoa hati ya mtu wa Lemnos.

Sasa Port Said. Mji huo ulianzishwa mwaka 1859 kwa ajili ya kuchimba Mfereji wa Suez, na miongoni mwa waliokwenda kufanya kazi huko ni watu wa Kasos, kisiwa kidogo kati ya Krete na Karpathos. Historia yao na Misri ni ya kushangaza. Katika vita ya uhuru wa Wagiriki dhidi ya Waosmani, ambao Misri iliwasaidia, meli za Kasos zilikuwa zikizishambulia meli za Misri, na Juni 1824 jeshi la majini la Muhammad Ali, mtawala wa Misri, liliivamia Kasos, likaua wanaume na kuwachukua wanawake na watoto kuwauza utumwani. Haikupita miaka arobaini, watoto na wajukuu wa walionusurika walipanda mashua kwenda Misri ile ile kutafuta kibarua. Walichimba, wakafungua maduka, na mfereji ulipofunguliwa mwaka 1869 baadhi yao wakawa marubani wa kuziongoza meli.

Ukiniuliza mimi, Mgiriki wa hati ya Rhodes aliyezaliwa Port Said mwaka 1901, mahali pa kwanza pa kumtafuta ni Kasos.

Baharia Mstaafu

Hapo Mwalimu amenigusa. Mwaka 1956, Rais Nasser wa Misri alipoutaifisha mfereji na marubani wa Ulaya wakaondoka kwa pamoja ili meli zikwame, marubani wa Kigiriki walibaki kazini. Nimesafiri na manahodha wawili waliosema ni wajukuu wa watu hao, na hadithi hiyo hawakuchoka kuirudia. Ukoo wa Kulukundis, ulioanzisha ofisi ya meli London mwaka 1921 pamoja na Rethymnis, ni wa Kasos. Kisiwa ni kama punje ya mtama ramani nzima, lakini tani zake za meli zilijaa bandari za dunia.

Shoka Butu

Nakubali somo la hati. Bado nauliza: kama alizaliwa Port Said, sifongo alizamia lini? Simulizi mbili haziwezi kukaa katika mwili mmoja. Dada, kuna kitu unakificha.

Mjukuu wa Pangani

Sikifichi, nilikuwa sijaulizwa. Katika hati kuna sehemu ya asili ya baba yake, na maji yameingia hapo. Zinasomeka herufi mbili za mwanzo, C na a, zilizobaki zimefutika. Kalymnos kwa Kiitalia huandikwa Calino. Na kwa kuwa mtanihukumu hata nikinyamaza, acha niseme lote: nimekwisha kulipia tiketi ya kwenda Athens na ya kuunganisha hadi Kalymnos, na haina marejesho. Kuna familia ya huko yenye jina la ukoo linalofanana na letu niliyoipata mtandaoni. Wameniandalia chumba, na bibi wa nyumba ile ameanza kuniita mjukuu. Mniambie, ni nani angeisikia sauti hiyo akaahirisha safari? Mzamiaji wa Kalymnos angeweza kuoa Port Said. Mashua zao zilifika Misri, Baharia amesema mwenyewe.

Bi Salama wa Ngamiani

Sasa ndipo nimeogopa, na wala si kwa fedha. Kuna bibi kizee wa watu aliyetandika kitanda akimsubiri damu yake, na wewe una herufi mbili. Mwandikie leo, umwambie kwamba huna hakika. Na mama umemwambia?

Mwalimu wa Zamu

Bi Salama ametangulia kusema lililokuwa moyoni mwangu. Dada, Kasos kwa Kiitalia ni Caso. Halki, iliyokuwa nayo na wazamiaji wa sifongo, ni Calchi. Kastellorizo, kisiwa kilicho mkabala na pwani ya Uturuki, kilichopeleka mbao na makaa ya Anatolia Aleksandria na watu wake Australia, ni Castelrosso. Vyote vinaanza na herufi hizo mbili. Je, doa lina urefu gani? Mwandiko wa makarani hauna nafasi ya kubahatisha, jina la herufi kumi na moja haliingii mahali pa herufi nne.

Mtoto wa Barabara ya Ishirini

Uzi umeanza na ukoo, umeishia kwenye rula.

Mjukuu wa Pangani

Nimempigia mama simu, na doa amelipima yeye mwenyewe, kwa sababu hataki hati iguswe na mtu mwingine. Ndiyo, Bi Salama, alikuwa hajui, na amenisema sana kabla ya kwenda kulifungua sanduku. Castelrosso haiwezi kuingia. Caso inaingia kwa nafasi, Calino na Calchi zinaingia kwa kubanana. Mama anasema pia, na hili sikuwahi kulisikia, kwamba mguu wa baba yake uliumia shambani. Bibi alipenda zaidi hadithi ya bahari.

Mzee wa Korona

Troli. Nilisema.

Shoka Butu

Mimi nafuta neno la mwanafunzi. Mwanafunzi angepima yeye, asingemsumbua mama.

Mjukuu wa Pangani

Hata hivyo Kalymnos nitakwenda. Nimewaandikia kwamba huenda mimi si wao, na bibi yule amejibu kupitia mjukuu wake kwamba chumba kimekwisha kupakwa rangi, nije tu. Ninachouliza sasa ni kama naweza kupitia Rhodes kwanza bila kupoteza tiketi.

Mwalimu wa Zamu

Rhodes ndiko kwenye tawi la Hifadhi Kuu za Taifa za Ugiriki lenye majalada ya utawala wa Kiitalia. Nenda na nakala ya hati iliyothibitishwa, ya asili muachie mama. Kama majalada hayatakupa jibu, andika kwa Kanisa la Kiorthodoksi la Port Said kuomba kitabu cha ubatizo cha mwaka 1901. Liko chini ya Upatriaki wa Aleksandria, ule ule unaoliangalia kanisa hilo Afrika nzima, na jimbo lake la Dar es Salaam linaweza kukuandikia barua ya utambulisho.

Baharia Mstaafu

Tiketi ya kuunganisha usiitupe. Fika Kalymnos kama ulivyolipia, kisha panda meli ya kwenda Rhodes, zipo. Kutoka Rhodes kuna meli inayopitia Karpathos hadi Kasos, ila si ya kila siku, na upepo ukichacha haiondoki. Acha nafasi katika likizo yako. Unasafiri mwezi gani?